Kampani Ikija, Wenye Udongo Wanapata Nini?



Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada, kijana mmoja alinifuata mpaka kwenye mlango, diploma yake ndani ya plastiki. Akaniuliza: «Pasta, kampani iko nachimba kwetu miaka yote hii, lakini kazi ya muzuri banapatia batu ba mbali. Siye benye mugini tunapata nini?» Sikumjibu palepale. Leo ninamjibu, na nitaanza mbali, kwa watu wanaokaa katika inchi ya barafu.

Kaskazini ya Kanada, katika jimbo la Quebec, kuna sehemu inaitwa Nunavik. Wenyeji wake ni Inuit. Hakuna barabara ya kutoka kwao kwenda kusini. Watu wanasafiri kwa ndege. Karibu na vijiji viwili, Salluit na Kangiqsujuaq, kuna nikeli chini ya udongo ulioganda, na pamoja nayo shaba na kobalti, mawe tunayoyajua sana sisi watu wa Katanga. Mahali pale panaitwa Raglan.

Mwaka wa 1995, mbele ya kutoa nikeli ya kwanza, kampani ilitia mkono kwenye mapatano na vijiji vile viwili na Makivik, shirika linalotetea haki za Inuit wa Nunavik. Tazameni yaliyoandikwa. Inuit wenye ujuzi watangulie kuandikwa kazi. Mafunzo yatolewe kwa wasio na ujuzi. Biashara za Inuit zitangulie kupewa makontra. Sehemu ya faida, 4.5 kwa mia, iende kwa wenyeji. Tena kuwe na kamati ya pande mbili, Inuit na kampani, kuangalia kama maneno yale yanafuatwa. Machimbo yalianza kutoa nikeli mwisho wa 1997.

Kampani ile ya kwanza iliitwa Falconbridge. Mwaka wa 2006 Xstrata ikainunua, na mwaka wa 2013 yote ikaingia mikononi mwa Glencore, jina ambalo watu wa Kolwezi wanalijua bila kufasiriwa. Bwana alibadilika mara mbili, mapatano yakabaki. Ndiyo faida ya neno lililoandikwa: haliondoki pamoja na mukubwa aliyeahidi.

Lakini musidhani kila kitu kilienda vizuri. Miaka ya kwanza Inuit wengi walibaki katika kazi za chini, na wengi waliacha kazi. Kukaa majuma mbali na watoto, kusemeshwa luga isiyo yako, kungojea kupandishwa bila kupandishwa: mambo haya yanachosha mtu yeyote. Kwa hiyo mwaka wa 2008 programu ya mafunzo ilianzishwa, ikaitwa Tamatumani, maana yake «mwanzo wa pili». Jina lile linakiri kwamba mwanzo wa kwanza haukutosha.

Hapa tuseme juu ya upatanisho, na sisi watu wa kanisa tuinamishe kichwa. Zaidi ya miaka mia moja, watoto wa wenyeji wa Kanada, zaidi ya 150,000, waliondolewa kwao na kutiwa katika shule za bweni za serikali. Nyingi ziliongozwa na makanisa: Wakatoliki, lakini hata sisi Waprotestanti. Mtoto aliyesema luga ya mama yake aliadhibiwa. Wengi walipigwa, wengine walinajisiwa, wengine walikufa kule na wazazi hawakuona kaburi. Mzazi aliyetoka katika shule ya namna hii, utamwambia nini ukimwita tena darasani ajifunze kazi?

Tume ya Ukweli na Upatanisho ilisikiliza mashahidi, na mwaka wa 2015 ikatoa miito 94. Mwito wa 92 unaambia makampani: ongeeni na wenyeji na mupate ukubali wao mbele ya kuanza mradi, wapeni nafasi ya haki ya kazi na masomo, tena wakubwa wenu wafundishwe historia ile. Umesikia? Si kijana wa mugini peke yake anayehitaji mafunzo. Direkta naye aketi, ajifunze.

Asipojifunza, matokeo tunayajua. Tarehe 24 Mei 2020, huko Australia, kampani ya Rio Tinto ilipasua kwa baruti mapango ya Juukan Gorge, ambamo watu walikuwa wakifika tangu miaka 46,000. Ilikuwa na ruhusa ya serikali. Ilikuwa hata na mapatano na wenyeji, Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Mukubwa wa kampani na wasaidizi wawili wakaacha vyeo vyao. Lakini pango lililopasuka halishonwi. Kazi na franga haviwezi kusimama mahali pa heshima.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya machimbo iliyogeuzwa mwaka wa 2018 inadai kampani ipatane na wenyeji juu ya hati ya masharti, ile inaitwa kaye de sharje, na itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wangapi kati yetu wameisoma hati ile? Wazazi, siku ya mukutano musimwachie shefu peke yake. Ulizeni mambo matatu. Kazi gani, na nani atafundisha watoto wetu mpaka waiweze? Nani kati yetu anakaa katika kamati ya kuhesabu? Na kosa la zamani, shamba lililochukuliwa, makaburi yaliyohamishwa, nani atalikiri na kulilipa? Zakayo hakusema «pole» tu; alirudisha.

Na wewe kijana wangu, diploma yako isizeeke ndani ya plastiki. Jifunze kazi ya mikono, kuunga vyuma ao umeme, wakati unangojea. Tena uitafute hati ya mugini wenu, uwasomee vijana wenzako neno kwa neno. Anayejua kilichoandikwa hadanganywi upesi.