Jamhuri ya Rapsu na Lamu

Jamhuri ni neno lenye asili ya Kiarabu, jumhur, yaani umma. Kenya ilipolichukua tarehe 12 Desemba 1964, Malkia wa Uingereza alikoma kuwa mkuu wa nchi; nchi ikawa ya raia. Lakini Rapsu, kama Isiolo yote, ilibaki chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Lamu na Tana River nazo zilikuwa humo. Mtu wa huko aliweza kukamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa. Huyo alikuwa raia kwa jina tu.

Basi tusiridhike na gwaride la Desemba. Kumwondoa mfalme hakutoshi. Jamhuri hutimia pale sheria inayomlinda mtu wa Nairobi inapomlinda vilevile mfugaji wa Rapsu na mvuvi wa Lamu.