Majani Yasiyoota

Majani ya plastiki yalianza kusifiwa kule Houston, Marekani. Katika mwaka 1965 ulifunguliwa huko uwanja wa michezo wenye paa la kupitisha nuru. Mwangaza ukawazuia wachezaji kuona mpira. Paa likapakwa rangi, na majani mabichi yakafa kwa kukosa jua. Mwaka 1966 yakatandikwa ya plastiki.

Nasi twayajua: uwanja wa TP Mazembe, Lubumbashi, ulitandikwa majani ya namna hiyo. Hatulaumu, kwani huvumilia viatu vya wachezaji siku nyingi.

Lakini wako wanaoyatandika mbele ya nyumba, watoto wachezee. Hapo tunasema: angalieni! Majani hai hujipoza kwa maji yaliyomo ndani yake. Ya plastiki hayana maji, nayo jua la mchana huyachoma sana. Basi, kabla mtoto hajakanyaga, mzazi atangulize kiganja chake. Tena yakichakaa hayaozi, hubaki takataka.

Uwanja wa mpira na upate plastiki yake. Watoto wetu tuwapandie majani yanayoota.