Wimbo wa Ankoro unasafiri, mpigaji anabaki bila jina

Ankoro, jimbo la Tanganyika – Pale ambapo mto Luvua unaingia katika Lualaba, matanga hayapiti bila muziki. Jioni vijana wanafika na gitaa walizojitengenezea kwa mbao na waya, ngoma mbili, chupa ya kugonga, na pengine karindula, ile banjo kubwa ambayo tumbo lake ni pipa na uso wake ni ngozi ya mbuzi. Wanapiga mpaka kunakucha. Malipo yao ni chakula, pombe kidogo, na noti za faranga ambazo watu wanawabandika kwenye paji la uso.

Wakati huohuo simu kumi zimeinuliwa juu. Kila mmoja anarekodi. Baada ya siku chache wimbo umefika Manono, umeteremka na mtumbwi mpaka Kabalo, umepanda treni mpaka Kalemie. Huko unawekwa kwenye kadi memori za wateja katika vibanda vya kuchaji simu, na mwenye kibanda anapokea pesa yake. Ukitazama kwenye simu ya mnunuzi, wimbo unaitwa "Audio 0047". Hakuna jina la bendi, hakuna jina la mwimbaji, hakuna jina la Ankoro.

Ukiuliza, jibu liko tayari: "Mukubwa, hayo ni matangazo tu. Wimbo ukisikika mbali, bendi itaitwa." Neno hilo limekaa midomoni mwa watu miaka mingi, na limedanganya wapigaji wengi. Bendi haiwezi kuitwa kama mwenye kuita hajui jina la kuita. Rekodi isiyo na jina la mpigaji, na isiyoacha nakala nyumbani kwake, si matangazo. Ni wizi, hata kama mwizi alikuja na tabasamu na sanduku la bia.

Katanga ya zamani ina ushahidi. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana mmoja akipiga gitaa mjini Jadotville, ambako leo ni Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, mji wa Bayeke. Hakuwa na orkestra, hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na gitaa moja na Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye sahani za gramafoni za Gallotone za Afrika Kusini, ukasikika Nairobi, Lusaka na Johannesburg. Wataalamu wa Ulaya waliandika kurasa nyingi kueleza vidole vyake vinavyotembea. Mwaka 1969 alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Mwaka 1988 alirekodi albamu Cape Town. Mwaka 1990 alikufa katika ajali ya barabarani nchini Zambia.

Kwa nini jina lake linajulikana mpaka leo? Ufundi wake ulikuwa mkubwa, hakuna anayebisha. Lakini mafundi walikuwa wengi katika miji ya shaba na katika vijiji vyake. Tofauti ni kwamba jina lake liliandikwa kwenye sahani, na sahani ikarudi kuuzwa katika nchi ilipoimbwa. Aliyesikia "Masanga" aliweza kuuliza: Jean-Bosco ni nani, anakaa wapi? Mlango ulifunguka kwa sababu ulikuwa na namba.

Sasa tazama upande wa pili. Tracey huyohuyo, mwaka 1952 na mwaka 1957, alirekodi muziki wa Wakanyok na Waluba wa kusini mwa Kongo ya wakati ule. Miaka mingi baadaye rekodi hizo zilitolewa tena kwenye CD na lebo ya Sharp Wood ya Uholanzi. Mtu wa Utrecht anaweza kuinunua na kuisikiliza sebuleni. Je, ni shule gani ya Manono, ni redio gani ya Ankoro au Malemba-Nkulu iliyo na nakala yake? Mtoto wa Kiluba akitaka kusikia jinsi wazee wa babu yake walivyopiga ngoma, aende wapi? Ajibu yule anayesema kurekodiwa kunatosha.

Inawezekana rekodi irudi nyumbani. Kule Kenya, mwaka 1950, Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba juu ya kiumbe waliyemwita Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Sauti yake ilikuwa imefika kwao kwenye sahani za gramafoni, na wasichana wakamfikiria nusu mtu, nusu swala. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, ilishirikiana na watu wa Kenya kurudisha nakala mikononi mwa wenyeji. Ilichelewa, lakini ilirudi. Rwanda nayo imepokea kutoka jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, nakala za kidijitali za maelfu ya rekodi za nyimbo zake. Jumba hilohilo lina rekodi za Kongo. Jimbo la Tanganyika lina serikali yake tangu Katanga ilipokatwa mwaka 2015. Barua ya kuomba nakala za nyimbo za Waluba, Wahemba, Watabwa na Watwa haihitaji bajeti ya barabara. Inahitaji karatasi, muhuri na mtu anayejali.

Watetezi wa "matangazo" wanapenda pia kusema kwamba karatasi ni mambo ya wazungu, kwamba kijijini watu wanaelewana kwa mdomo. Wamsikilize Solomon Linda. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu huyo alirekodi "Mbube" na bendi yake. Aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ulizunguka dunia, ukaimbwa na Wamarekani, ukaingia katika filamu ya simba ya Disney. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata makubaliano ya kulipwa mwaka 2006 tu, baada ya mawakili kuchimba sheria ya zamani ya Waingereza iliyorudisha haki kwa warithi. Kilichomuumiza Linda ni karatasi aliyotia sahihi bila kujua uzito wake. Kilichowaokoa binti zake ni karatasi nyingine. Anayewaambia wapigaji wa Ankoro wasijali karatasi, anawapeleka kwenye shilingi kumi.

Hata karibu zaidi, karindula yenyewe imetoka nje ya nchi. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa "The Karindula Sessions", muziki uliorekodiwa Lubumbashi pamoja na picha za video, na majina ya bendi yakiandikwa juu yake, kama BBK na Bena Ngoma. Hapo kuna hatua mbele: bendi ina jina, inaweza kutafutwa. Lakini Lubumbashi ni mji mkubwa wenye uwanja wa ndege. Bendi za Ankoro, za Kiambi, za Mulongo, zitangoje mpaka nani aje na mashine? Na kwa nini zingoje, wakati kila kijana sasa ana mashine mfukoni?

Hapo ndipo lawama inarudi nyumbani. Ni rahisi kumlaumu mzungu wa 1952. Lakini anayeuza "Audio 0047" si mzungu. Ni mtu wa hapa, tena pengine ni jamaa wa mpigaji. Mgombea anayechukua bendi kwenye kampeni, akaizungusha siku tatu juu ya gari, akailipa fulana zenye picha yake na katoni ya bia, kisha akatumia wimbo wao mpaka siku ya kura, si mzungu pia. Redio inayomwambia mpigaji alipe kwanza ndipo wimbo wake upite hewani, halafu inajaza saa nzima kwa rumba ya Kinshasa bila kumlipa mtu yeyote, inasimamiwa na watu wa hapa.

Sheria ipo. Amri-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi nchini Kongo, na haisemi kwamba mtunzi lazima awe na gari au akae Gombe. Shirika la kukusanya haki liliundwa mwaka 1969 kwa jina la SONECA, na tangu mwaka 2011 kazi hiyo ni ya SOCODA. Lakini kwa mpigaji wa Ankoro shirika lenye makao Kinshasa liko mbali kama mwezi. Desemba 2021 nchi ilisherehekea UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Vizuri. Rumba inastahili. Ila urithi wa Kongo hauanzii Matonge na kuishia kwenye bandari ya Maluku. Ngoma inayomzika mzee kando ya Luvua ni urithi pia, nayo haina mtu wa kuiandika hata kwenye daftari.

Majirani wa kusini walionyesha njia. Miaka ya 1970, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliamuru kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia. Wengi walinung'unika. Lakini kalindula, ndugu wa karindula ya Katanga, muziki wa vijiji vya Luapula na Serenje, ukatoka kichakani ukaingia studio. Bendi kama Serenje Kalindula ikabeba jina la eneo lake mpaka kwenye sahani. Redio ilihitaji nyimbo, na nyimbo zilikuwa kijijini.

Wenye redio watajibu: jenereta inakunywa mafuta, na mafuta hayalipwi na karindula. Ni kweli. Redio za jamii zinaishi kwa shida, kwa matangazo ya vifo, ya misa na ya wanasiasa. Hakuna anayeziomba zife. Kinachoombwa ni saa moja kwa juma, bila kumtoza mpigaji, na mtangazaji ataje jina la bendi, la mwimbaji na la kijiji. Kutaja jina hakunywi mafuta.

Na wapigaji wenyewe wana kazi yao. Kwanza, bendi iwe na jina moja, lisibadilike kila matanga, na mwimbaji alitaje mwanzo na mwisho wa wimbo, ili hata simu ya mwizi ilibebe. Wapigaji wa zamani wa Katanga walijitaja ndani ya nyimbo zao. Haikuwa majivuno, ilikuwa akili. Pili, anayekuja kurekodi, awe mgeni wa Ulaya, mtafiti wa chuo, mtu wa NGO au mgombea ubunge, aandike karatasi kabla gitaa halijapigwa: majina ya wote, tarehe, kazi ya rekodi hiyo, malipo. Karatasi ziwe mbili, moja ibaki kwa bendi. Tatu, nakala ya wimbo ibaki Ankoro, kwa bendi na mahali pengine pawili, redioni na shuleni. Wazee wanajua kwa nini mahali pawili. Novemba 2002, mapigano ya wanajeshi na Mai-Mai yalichoma nyumba nyingi sana za Ankoro. Nyumba ikiungua, kaseti na gitaa navyo vinaungua. Kitu kilichowekwa mahali pamoja hakijawekwa.

Kuna watakaosema watu wana njaa, barabara ya Manono imeharibika, watoto hawana dawati, na hapa inazungumzwa karindula. Lakini mpigaji naye ana njaa. Wimbo ndio shamba lake. Kama mtu akivuna mihogo ya jirani usiku, chifu anaita baraza na mwizi analipa mbuzi. Kwa nini wimbo uvunwe mchana, mbele ya wote, na watu wapige makofi?

Matanga mengine yatakuja. Katika Ankoro hayakosekani. Bendi itafika, simu zitainuliwa. Mwenye simu aulize kwanza: "Ndugu, bendi yenu inaitwaje, na wimbo huu ni wa nani?" Aandike jibu hilo mahali pa "Audio 0047", kisha amtumie mwimbaji nakala. Asiyeweza kufanya hivyo ateremshe simu yake, asikilize kama wengine, na abandike noti.