Mshahara wa ng'ambo usihesabiwe mlangoni

Hakuna habari inayokimbia kijijini kama ya kijana wa fulani aliyepata kazi Marekani. Kabla hajapanda ndege, jamaa wamekwisha kugawana dola zake: huyu karo, yule mabati, mwingine ploti.

Chukua mhandisi wa udhibiti wa mitambo. Huyu ndiye anayeandika maagizo ya kompyuta zinazoendesha mashine kiwandani, ili chupa zijae soda kwa kipimo na mkanda usimame hatari inapotokea. Aliyebobea hulipwa vizuri, na malipo yake si siri.

Mwajiri wa Marekani akitaka kumwajiri mgeni kwa viza ya H-1B, sharti kwanza awasilishe hati kwa Wizara ya Kazi ya huko akitaja cheo, mji na mshahara. Wizara huzichapisha rekodi hizo, na yeyote aweza kuzisoma bila malipo. Kwa wahandisi wakuu wa kazi hii, nyingi hutaja takriban dola 90,000 hadi 150,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo watu hushika vichwa! Dola 120,000 kwa mwaka ni 10,000 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni moja. Lakini tulia, ndugu yangu. Hizo ni kabla ya makato. Mafao ya uzeeni na matibabu ya wazee hula asilimia 7.65, yaani dola 765 kila mwezi. Kisha kuna kodi ya serikali kuu, na majimbo mengi yana yake, ingawa Texas haitozi kodi ya mshahara. Bado nyumba, bima ya afya na gari la kumfikisha kazini.

Akienda na mwenzi wake, mshahara huo mmoja huenda ukawalisha wote. Mwenye viza ya H-4 haruhusiwi kufanya kazi, isipokuwa mhandisi awe amefika hatua fulani ya kutafuta ukaaji wa kudumu.

Tena hati hiyo si viza. Nafasi za kila mwaka ni 65,000, na 20,000 zaidi kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya Marekani. Waombaji wakizidi, huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mnamo Septemba 2025, Rais Donald Trump alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi hiyo.

Basi rekodi hizo zina faida gani kwako? Mwanao akiahidiwa kazi, tafuta cheo kile kile katika mji ule ule, ulinganishe. Pia kumbuka kwamba anayeomba viza hii ni mwajiri, na sheria inamkataza kumtwika mfanyakazi gharama za ombi hilo. Ajenti akikudai laki tatu "za kusukuma faili", muulize jina la mwajiri kabla hujauza ng'ombe. Akibabaika, mwonyeshe njia.

Na nyinyi jamaa mliobaki nyumbani, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kijana akipiga simu, msimuulize anapata ngapi. Muulizeni anabaki na ngapi, kisha ndipo mzungumze habari ya mabati.