A Raisin in the Sun: muvi haikukosa hewa, ilikatwa mji

Tangu Ijumaa bwenini kwetu ni ubishi mtupu, na safari hii si wa Simba na Yanga. Tumeangalia A Raisin in the Sun, ile ya mwaka 1961, nyeusi na nyeupe, aliyoiongoza Daniel Petrie. Watu wametoka na kauli mbili, na mimi zote sizikubali.

Kwa ambao hamjaiona: ni familia ya Weusi ya Chicago, watu watano kwenye kijumba cha kupanga, choo wanachangia na majirani. Baba kafariki, bima inalipa dola 10,000. Mama Lena anataka nyumba. Mwanawe Walter Lee (Sidney Poitier, moto kweli kweli) anataka duka la pombe. Beneatha, dada yake, yuko chuo na anataka kuwa daktari.

Kauli ya kwanza: "Hii siyo muvi, ni maigizo ya jukwaani yaliyopigwa picha." Hata wahakiki wa enzi hizo wapo walioisema. Walisifu uigizaji, wakalalamika kwamba kamera imekwama sebuleni. Ni kweli imekwama. Tamthiliya ya Lorraine Hansberry ilianza Broadway Machi 1959, ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika pale, na karibu waigizaji wote wakuu walihamia nayo kwenye filamu. Nje tunatoka mara chache tu: baa kidogo, nyumba mpya kidogo, basi.

Kauli ya pili: "Mwisho mtamu." Familia inabeba mizigo inahamia mtaa wa Wazungu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mimi nasema kauli zote mbili zimetoka kwenye jeraha moja. Script aliiandika Hansberry mwenyewe, na aliandika matukio ya nje mengi tu. Mama yuko kazini kwa Wazungu. Mama sokoni mtaani kwake, anauziwa matunda mabovu kwa bei ya kuruka. Walter anazunguka mjini. Wakubwa wa Columbia hawakuyataka, yakakatwa. Kwa hiyo tunachokiona ni watu wanaogombana chumbani, ila nani amekifanya chumba kiwe kidogo hivyo hatuonyeshwi. Mhakiki anaona ubanaji, anadhani ni ushamba wa kamera. Mtazamaji anaona mizigo inatoka, anadhani shida zimekwisha.

Zimekwisha wapi! Mwaka 1937 baba yake Hansberry alinunua nyumba eneo la Wazungu hapo hapo Chicago. Watu walikusanyika nje, kikarushwa kitu kizito dirishani, nusura kimpate Lorraine, wakati huo mtoto mdogo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, mzee akashinda mwaka 1940. Mwandishi aliyekulia humo hawezi kuandika mwisho mtamu. Yule bwana Lindner, aliyetumwa na wakazi kuja kuwapa fedha wasihamie, ni salamu tu. Wenye mawe wako njiani.

Sasa Walter. Mama analipa dola 3,500 za kuanzia nyumba, anampa Walter 6,500, kati ya hizo 3,000 aziweke benki kwa masomo ya Beneatha. Jamaa anampa Willy Harris zote, Willy anayeyuka. Hapo bwenini Walter aliitwa mwizi wa ada, na mengine siandiki hapa. Simtetei, ada ni ada. Ila kwenye tamthiliya kuna Asagai, mwanafunzi wa Kinigeria, anayemuuliza Beneatha swali linaloniuma mpaka leo: fedha zenyewe ulizitafuta wewe? Na ni nyumba gani hiyo ambayo ndoto za wote zinasubiri mtu mmoja afe?

Jamani, wangapi humu tunasoma kwa kiinua mgongo cha mzee? Wangapi mdogo wetu amesimama shule ili sisi tumalize? Tukimcheka Walter peke yake tunafanya alichofanya aliyekata ile filamu: tunabaki na ugomvi wa ndugu, mji uliowabana tunauacha nje ya picha.

Hansberry alifariki Januari 1965, ana miaka 34 tu. Script yake nzima ilikuja kuchapwa mwaka 1992. Mwenye uwezo wa kuipata aisome, kisha aiangalie tena filamu. Sebule ni ile ile, lakini mlango ukifunguliwa utajua wanatokea wapi na wanakwenda kukutana na nini.

Kundi la "mwisho mtamu", uwanja ni wenu, nirushieni mawe. Ngoja nikamalizie kazi ya semina.