Ajali Huanzia Kichwani mwa Dereva

Ajali ikitokea husemwa, "Breki zilikatika," au, "Ni mapenzi ya Mungu." Ni nadra mtu kuuliza kama dereva alilala, au alitoka nyumbani na hasira.

Hatujasahau tarehe 6 Mei 2017. Basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Walipona watoto 3 tu. Taifa zima lililia, lakini machozi peke yake hayazuii ajali nyingine.

Fikiria gari litokalo Malambo alfajiri kwenda Karatu kupitia Ngorongoro. Kwa saa nyingi dereva anapambana na vumbi, mawe na makorongo. Akivuka lango la Lodoare anaikuta lami. Abiria wanashusha pumzi, naye anakanyaga mafuta afidie muda uliopotea. Kwa maoni yangu, hatari kubwa iko hapo. Barabara mbaya humweka dereva macho, lami humbembeleza.

Usingizi haubishani na ushujaa. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, dereva akisinzia sekunde 3 tu, limekwenda zaidi ya mita 60 bila mwenyewe. Utafiti uliofanyika Australia na kutangazwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa wepesi na umakini sawa na mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Basi aliyeamka saa kumi alfajiri, ifikapo saa tatu usiku ni kama mlevi, hata kama hajaonja tone.

Hasira nayo humfanya dereva amwone aliyempita kuwa adui. Mazoea ni mabaya zaidi: "Kona hii naijua." Kona haimjui mtu.

Lakini tusimtupie dereva lawama zote. Tajiri anayedai hesabu kubwa kila jioni anamnyima usingizi. Abiria anayepiga kelele, "Suka, ongeza mwendo!" naye anashika usukani.

Tajiri, mpe dereva wako siku ya kupumzika. Dereva, ukisikia kope nzito, egesha gari, lala kidogo. Nawe abiria, ukimwona anasinzia, mwambie asimame. Kuchelewa Karatu si msiba.