Fungurume: Mtoto wa paka naye ni mgeni, apokelewe kwa utaratibu

Familia ilifika lupango jioni, na mikeka miwili, masufuria, mfuko wa nguo na kartoni iliyofungwa kwa kamba. Ndani ya kartoni mlikuwa na mtoto wa paka ambaye watoto walikataa kumwacha nyuma. Wenyeji walipokea watu vizuri, wakawapa chumba kimoja na bukari ya moto. Lakini kartoni ilipofunguliwa katikati ya kiwanja, paka wa nyumba, jike mzee anayejulikana kwa kukamata panya, alivimba mkia, akatoa sauti kama ya nyoka, akampiga mgeni ukucha kwenye pua. Kijana wa miaka sita aliyejaribu kuwatenganisha alichanwa mkono. Kufika usiku, paka mzee hakuonekana tena. Siku chache baadaye, panya walikuwa wametoboa mfuko wa unga.

Hapo maneno yakaanza. Mama aliyehamia akasema paka yule ana roho mbaya. Mama mwenyeji akamjibu: "Wifi, mbele hako kadogo hakajafika, unga wangu ulikuwa unalala salama." Jirani naye akatia chumvi: paka anayemkataa mtoto si paka wa bure, kuna mtu nyuma yake.

Kusema kweli, katika lupango lile hakuna aliyekuwa na roho mbaya, mtu wala mnyama. Kosa lilikuwa moja tu: kartoni kufunguliwa katikati ya kiwanja siku ya kwanza.

Kuna watakaouliza: watu wamepoteza nyumba na mashamba, nani ana wakati wa kusuluhisha paka? Jibu liko ndani ya mfuko wa unga. Huku kwetu unga wa mahindi mwingi unatoka Zambia, na wakaaji hawajasahau mwaka wa 2023, wakati unga ulipokuwa haba na bei ikapanda katika Katanga yote. Nyumba inayolisha familia mbili kwa mfuko mmoja haiwezi kugawana na panya. Na paka akikimbia, wengi wananunua sumu sokoni. Sumu ile inawekwa chini, mahali watoto wanapotambaa na kuku wanapodonoa. Hata paka akila panya aliyekula sumu, anaweza kufa naye. Basi amani ya paka wawili ni jambo la chakula na afya ya nyumba.

Ni vizuri pia kuelewa kwa nini paka mwenyeji anakasirika. Mbwa ni mnyama wa kundi. Paka si hivyo. Babu yake ni paka wa porini wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake na kulinda eneo lake kwa harufu. Kila nguzo na kila mlango ambao paka wa nyumba amesugua shavu lake umeandikwa jina lake. Mgeni akitupwa ghafla ndani ya eneo hilo, mwenyeji anaona chakula chake na mahali pake pa kulala vinachukuliwa. Anatisha kwa sababu ameogopa. Kumpiga fimbo wakati huo kunamfundisha kwamba mgeni na maumivu ni kitu kimoja, na siku inayofuata atachukia zaidi.

Njia nzuri haiombi pesa, inaomba subira. Kwanza, mtoto wa paka asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma manane. Akifika, akae siku kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa, na maji, chakula, kitambaa cha kulalia na karai la mchanga la kujisaidia. Familia yenye chumba kimoja tu inaweza kutumia tenga kubwa la kuku lililofunikwa kwa kitenge, mbali na jua. Wakati huo, paka mzee abaki na njia zake zote na sahani yake palepale.

Pili, wajuane kwa pua mbele ya macho. Kitambaa alicholalia mdogo kiwekwe karibu na mahali pa mkubwa, na cha mkubwa kwa mdogo. Kisha wote wawili walishwe kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango, hata kama chakula ni vichwa vya kapenta. Polepole, harufu ya mgeni inaanza kuendana na kushiba.

Tatu, mlango ufunguliwe kidogo, dakika chache, mtu mzima akiwa karibu. Mkubwa akitoa sauti ya hasira na kuondoka, aachwe aende zake. Hayo ni mazungumzo yao. Wakishikana kweli, mkono wa mtu usiingie katikati: kifuniko cha sufuria au kipande cha kartoni kinatosha kuwatenga, halafu warudi nyuma hatua moja. Kwa wengine inachukua juma moja au mawili, kwa wengine mwezi au zaidi. Hata baada ya hapo, sahani ziwe mbili, na mkubwa awe na mahali pa juu ambapo mdogo hafiki.

Watoto wanahitaji onyo la peke yake. Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa mbwa tu, paka pia anaweza kuuambukiza. Mtoto akiumwa au kuchanwa na paka, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku ileile. Ugonjwa huo ukianza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikitolewa mapema inaokoa maisha. Munganga wa wanyama akipatikana, paka wote wawili wachanjwe. Mama mwenye mimba naye asishike mchanga wa paka kwa mikono mitupu. Kazi hiyo ifanywe na mwingine.

Na yale maneno ya ulozi yaachwe. Leo anasemwa paka, kesho atasemwa mwenye paka, na mara nyingi mwenye paka ni mama mzee au mjane asiye na wa kumtetea. Paka anayemfukuza mgeni kwenye sahani anafanya kazi ya paka, basi.

Lualaba ni mkoa unaojua maana ya kuhama. Mwaka wa 2017, mamia ya familia za Kasulo, kule Kolwezi, ziliondolewa ili sehemu ya mtaa wao iwe eneo la kuchimba kobalti. Hapa Fungurume pia, mgodi umehamisha watu kutoka mahali walipozaliwa. Aliyewahi kuingia lupango la wengine na mzigo kichwani anajua kwamba siku ya kwanza mtu anahitaji kona yake na chakula chake, na asitazamwe sana. Mwenyeji naye anahitaji kujua kwamba kiti chake bado ni chake. Lupango linaloweza kuwafanyia watu hivyo haliwezi kushindwa na paka wawili.

Katika lupango lile, paka mzee alirudi mwenyewe usiku mmoja. Mara hii mdogo alikuwa ndani ya tenga, chini ya kitenge, na mama wote wawili walikubaliana nani anaweka sahani ipi upande gani. Ilichukua karibu majuma matatu. Leo paka hao si marafiki. Hawalali pamoja wala hawachezi. Mkubwa analala juu ya mfuko wa unga, mdogo kwenye mkeka wa watoto. Na panya hawajaonekana.